Mwisho wa Kitabu Kama Alivyousoma Kabula

Wanangu, mnakuja hapa kibarazani kwangu Shinyanga mjini na simu zenu mkononi, mnaniuliza: "Mwalimu Zuhura, dawa ya woga wa kuongea Kiingereza ni nini?" Mmoja anatafuta kazi mgodini Geita, mwingine hotelini, mwingine anataka tu kumkoga mchumba. Mnadhani kwa kuwa nilikifundisha mpaka nikastaafu, basi dawa ninayo kabatini. Sina. Kiingereza nilikiogopa tangu nikiwa binti mpaka siku niliyokabidhi chaki, na ningekuwa na dawa ningeanza kuinywa mwenyewe.

Ninachoweza kuwapa ni njia niliyofundishwa kazini, yaani kukaa na riwaya moja mpaka ikuzoee. Na kuna kisa ambacho njia hiyo iliniletea, ambacho sijakisahau mpaka leo. Nitawapa vyote viwili kwa pamoja kwa sababu sijui kuvitenganisha.

Nilipokuwa shule, miaka ya sitini, mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa akituinua mmoja mmoja. Ukinyamaza fimbo, ukikosea fimbo, ukipatia anakuongezea swali. Nikisikia jina langu natamani kuruka dirishani. Si kwamba sikuwa na maneno. Nilikuwa nayo tele, nimeyakariri ubaoni yakiwa yamepangwa mstari. Lakini maneno ya kukariri ni kama kuku wa kununua mnadani, ukimfungua kamba tu anarudi alikotoka.

Aliyenitoa huko ni Mwalimu Bonifasi, mkuu wa shule yangu ya kwanza kufundisha. Alikuwa mtu wa Ushirombo, amekulia karibu na misheni, mrefu, mwenye suruali fupi kidogo kuliko miguu yake. Siku moja alisimama mlangoni mwa darasa langu akanisikiliza nikiwaimbisha watoto orodha ya maneno. Kipindi kilipokwisha akaniita.

"Binti yangu, unawalisha watoto unga mkavu," alisema. "Watafute riwaya. Moja tu. Kaeni nayo mwaka mzima."

"Riwaya ya Kiingereza, mkuu? Hata mimi sijaimaliza hata moja."

"Ndiyo vizuri. Mtaogopa pamoja."

Akanionyesha kazi. Someni kwa sauti, kila mtu, hata mwenye sauti ya punda. Neno msilolijua liacheni lipite. Likirudi, tazameni limekaa na maneno gani, kama mnavyomtazama mgeni aliyeingia kijijini, anakula wapi, anatembea na nani. Likirudi tena na bado hamjalielewa, hapo ndipo mfungue kamusi. Sura ikiisha funga kitabu, na kila mtoto aende nyumbani akamsimulie mtu wake mmoja kwa lugha ya nyumbani. Asiyeweza kuisimulia kwa lugha ya mama yake, alisema Bonifasi, huyo hakuielewa, alikuwa anapiga kelele tu. Kesho yake ndipo asimulie darasani kwa Kiingereza, bila kitabu.

Na mwalimu mwenyewe asitangulie mbele ya watoto. Hilo alilisisitiza kuliko yote. "Mwalimu anayejua mwisho, watoto wanausoma usoni mwake," aliniambia. "Fika nao siku moja." Yeye alilitii kweli. Tulimwona akisoma sura ambayo farasi anakufa, akatoka nje kupenga kamasi, akarudi akatuambia ni vumbi.

Njia ile ilifanya kazi, tena sana. Mtoto anayeogopa kuongea kama yeye mwenyewe, mpe nafasi ya mtu wa kitabuni, ataongea. Nilikuwa na kijana mmoja bubu kabisa kwenye Kiingereza. Nikampa awe tajiri mwenye mashamba. Alinogewa mpaka akamzaba kiranja kibao kwa kuchelewesha kodi, na nilipomuuliza alijitetea kwa Kiingereza kilichonyooka hivi kwamba nilishindwa kumwadhibu.

Baadaye Bonifasi alistaafu akarudi kwao, na mimi nikahamishiwa kijiji kimoja kati ya Ushirombo na Geita. Jina nitalificha kwa kuwa wajukuu wa watu wale wapo. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati sabuni ilikuwa habari na sukari ilikuwa sherehe. Nilikwenda na njia ya Bonifasi pamoja na kitabu kimoja nilichopewa misheni, riwaya iliyofupishwa kwa ajili ya wanaojifunza. Jalada lilikuwa limeng'oka, hata jina la kitabu hatukulijua. Kilianza na mvua, basi darasa la saba wakakiita Kitabu cha Mvua.

Kilihusu kijiji cha Uingereza. Nyumba ya mwisho ya kijiji anaishi bibi mmoja peke yake, paka wamemjaa, kazi yake kuchemsha majani. Jina lake watoto walilitamka Padiu, na kwa adabu wakamwita Bibi Padiu. Ng'ombe wa kijiji wanaanza kufa, mmoja leo, mwingine wiki ijayo. Anakuja askari anauliza maswali nyumba kwa nyumba. Watoto wa wafugaji hao, mnategemea nini? Walikipenda mno. Niliwagawa, huyu askari, huyu mwenye ng'ombe, na wakawa wanahojiana kwa Kiingereza njia nzima ya kisimani: wewe ulikuwa wapi ng'ombe alipokufa? Uliona nini? Nani shahidi wako?

Bora kuliko wote alikuwa Kabula, binti wa Mzee Masanja. Mwembamba, mpole, lakini akishika kitabu sauti inatoka imenyooka, haikwami. Kila nilipotoa kazi ya kusimulia nyumbani, Kabula alimsimulia baba yake.

Sasa niwaambie kitu cha kule ambacho mimi, mtoto wa fundi cherehani wa mjini, nilikuwa nimekaa miaka bila kukitilia maanani. Jioni kwa Wasukuma wanaume huota moto nje, panaitwa shikome. Hapo ndipo kijana hufundwa, na hapo ndipo habari husemwa. Hadithi nazo husimuliwa, lakini hadithi ina mlango wake. Msimulizi huanza kwa kuita, wanaomsikiliza humwitikia, na tangu hapo kila mtu anajua tumeingia kwenye hadithi, sungura anaweza kuoa na fisi anaweza kuwa mtemi. Kisichofunguliwa hivyo si hadithi. Ni habari, na anayeileta anaapa nayo.

Kabula hakumfungulia baba yake mlango huo. Nani angemfundisha? Kitabu cha Kiingereza hakina mwito. Alisema tu, "Baba, leo tumesoma kwamba yule bibi wa nyumba ya mwisho..." Na Mzee Masanja aliichukua kama ilivyo, akaipeleka shikome.

Kijijini kwetu ng'ombe walikuwa wanakufa. Josho lilikuwa kavu, dawa ya kuogeshea haijaletwa kwa misimu kadhaa, na kupe wamejaa kwenye masikio ya ndama kama mbegu. Mzee Masanja alikuwa amezika ng'ombe wengi kuliko wenzake. Na nyumba ya mwisho ya kijiji, ng'ambo ya uwanja wa shule, aliishi mjane mmoja peke yake, Bibi Holo. Aliwachemshia watoto wangu majani ya kikohozi. Mimi alinizoea, akiniletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, tunakaa tunatafuna bila maneno mengi, kwa maana Kisukuma nilikisikia vizuri lakini kukisema ilikuwa kimbembe. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe alichopikia maisha yake yote. Mliozaliwa huku mnajua macho mekundu ya mwanamke mzee yalimaanisha uchawi kwa watu waliofiwa na ng'ombe, na mnajua panga lilifanya nini.

Asubuhi moja Kabula alikuja kabla ya kengele.

"Mwangaluka, mwalimu."

"Mwangaluka, Kabula. Mbona mapema?"

"Baba anasema kitabu kimemtaja Bibi Holo."

Nilicheka. Nakumbuka nilicheka kweli, kwa sauti. Kisha nikamwona Kabula hachezi, midomo imemkauka, na kicheko kikanifia mdomoni.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Maganga, mkubwa wa baraza la wazee. Nikampigia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kigoda. Nikamweleza kwamba kitabu kile ni hadithi, mtu wa Uingereza amekaa akaitunga kichwani mwake, hakuna Bibi Padiu, hakuna ng'ombe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa taratibu, na utaratibu wake ndio ulionitisha.

"Mwalimu, mtoto akisema uongo shuleni kwako, unamfanya nini?"

"Namwadhibu, mzee."

"Na hicho kitabu umekileta shuleni?"

"Ndiyo."

"Basi serikali imeharibu karatasi yote hiyo kuchapa uongo, halafu ikakuleta wewe uwafundishe watoto uongo huo, na wakisema wa kwao unawachapa?"

Jibu ninalo leo, lakini leo halimsaidii mtu.

"Sisi si watu wa fujo," akasema. "Jumamosi kitabu kisomwe mbele ya baraza mpaka mwisho. Tusikie kinamalizaje na huyo mwanamke. Kikimsafisha, amesafika. Kikimpata, baraza litajua la kufanya."

Nikasema vema, nitasoma. Akatikisa kichwa. Mimi ni rafiki wa Bibi Holo, alisema, kila mtu anatuona tukitafuna michembe. Atasoma Kabula, na Kabula huyohuyo atageuza kwa Kisukuma. Mtoto hana upande. Ili asigeuze vibaya, atakaa Mzee Ngasa, aliyefanya kazi na Wazungu, amsikilize. Na kitabu, tangu sasa hivi mpaka Jumamosi, kitalala kwake Mzee Maganga. Akanyoosha mkono. Nikakitoa kwenye mkoba nikampa.

Mmeiona shida yangu? Nilikuwa nimemtii Bonifasi. Sikuwa nimetangulia. Zilibaki sura mbili, na mimi mwalimu sikujua zinasema nini.

Niliogopa, wanangu. Sijui mwaipimaje hofu nyinyi. Mimi nilikuwa napika ugali nasahau kutia unga, nimesimama natazama maji yanachemka. Nilizirudia kichwani sura zote tulizosoma nikitafuta dalili. Na kadiri nilivyozirudia ndivyo nilivyozidi kukata tamaa, kwa sababu nilianza kuona mwandishi alikuwa anatuelekeza wapi. Ile chupa ya kijani iliyotajwa mara moja jikoni na kuachwa. Yule paka aliyelamba sakafu akafa. Msomaji mzuri huyaona haya, ndiyo kazi niliyowafundisha watoto kuifanya. Sikupenda nilichokiona.

Nikamwambia Bibi Holo akimbie, nitampeleka Ushirombo kwa masista. Alikuwa anachambua mboga.

"Nikikimbia nimekiri," alisema. Kisha akaniuliza, "Huyo mwenzangu wa kitabuni, ni yeye aliyefanya?"

"Sijui, Bibi. Hatujafika."

"Hamjafika?"

"Ndiyo njia yetu. Hatutangulii."

Akanitazama kama mtu anavyomtazama mke aliyeacha chungu motoni akaenda ngomani, kisha akaendelea kuchambua mboga zake.

Huyo Mzee Ngasa naye alinikosesha usingizi. Alikuwa amefanya kazi kwenye mgodi wa zamani wa dhahabu kule Geita, shimoni, na Wazungu, enzi ambazo wenzake walikuwa wanachunga. Alibaki na kofia ngumu ya mgodini, akiivaa kanisani na misibani. Kijiji kizima kiliamini hakuna Kiingereza asichokijua. Akinikuta njiani, asubuhi au magharibi, alipaza sauti "Gudi moningi!" na kupita haraka kama mwenye shughuli. Mimi nilidhani ananidharau. Na sasa huyo ndiye angekaa pale kusikiliza kila neno. Nilikuwa nimewaza, Mungu anisamehe, kumwomba Kabula apindishe. Nikimkumbuka Ngasa naacha. Mtoto akikamatwa anamdanganya mzee barazani, wangekuwa wawili wa kuhukumiwa badala ya mmoja. Sikumwambia Kabula lolote.

Jumamosi, mnada ulipokwisha, tulikusanyika uwanja wa ghala la pamba. Jua bado kali. Watoto walifukuzwa wote isipokuwa Kabula. Wazee kwenye vigoda, wanawake nyuma yao, Bibi Holo chini mbele juu ya gunia, miguu ameikunja. Mzee Ngasa na kofia yake alikalishwa karibu kabisa na Kabula. Mzee Masanja, baba yake, alikaa mkabala, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa, si wa mtu mbaya. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli. Mimi nilisimama kwenye ukuta wa ghala ili nipate kitu cha kuegemea.

Kabula alianza. Anasoma kipande kwa Kiingereza, anasimama, anakigeuza kwa Kisukuma. Sauti ilimtetemeka mistari ya kwanza, kisha ikakaa. Nawaambia, hata katika hofu ile nilisikia fahari. Msichana wa darasa la saba, kijijini, anasoma bila kukwama.

Na baraza nalo likanogewa! Sura ya kwanza kati ya zile mbili walikuwa wanaguna, wanauliza. Paka wote hao wanakula nini? Huyo askari hana mke? Mvua inayonyesha kila siku hivyo, wanalima saa ngapi? Mzee mmoja alipendekeza askari atazame josho kwanza, wakamnyamazisha, aache kitabu kiseme. Kwa kitambo kidogo walikuwa darasa, na nikaanza kutumaini.

Ikaja sura ya mwisho. Kabula akasoma askari anaingia jikoni kwa Bibi Padiu. Anafungua kabati. Anatoa chupa ya kijani.

Alikigeuza kipande hicho kama kilivyo.

Kisha akasoma kilichofuata. Mimi nilikisikia kabla ya wote, kwa Kiingereza. Yule bibi hakukana. Alikaa kwenye kiti chake, akamwambia askari kwamba ni yeye, aliwatilia ng'ombe sumu kwa sababu kijiji kilimtenga, na angeweza angefanya tena. Maneno mepesi, ya kitabu cha wanaojifunza. Hakuna hata moja ambalo Kabula hakulijua.

Kabula akainua macho akanitazama. Nikitaka kujisifu nitasema nilimkonyeza. Sikufanya kitu. Nilikuwa nimeganda kwenye ukuta kama tope. Akamtazama baba yake. Akamtazama Bibi Holo, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa. Kisha akakirudia kitabu, akaweka kidole kwenye mstari kana kwamba anaufuata, akaanza kusema kwa Kisukuma, polepole.

"Kitabu kinasema, ile chupa ilikuwa na majani ya kikohozi. Askari aliyanywa mwenyewe, hakufa. Akaenda akawatazama ng'ombe masikioni, akakuta kupe. Dawa ya josho ilikuwa imekwisha siku nyingi na hakuna aliyeifuatilia. Askari akarudi kwa yule bibi, akavua kofia, akamwomba radhi."

Josho! Nikasema moyoni, mama yangu, mtoto kajimaliza. Uingereza ya kitabu kile ilikuwa mvua na paka, josho lingetoka wapi?

Mzee Masanja aliinuka. "Kitabu cha Wazungu kimelijuaje josho letu?"

"Si letu, baba," Kabula alisema. "La kwao."

Mzee Maganga akamgeukia Ngasa. Uwanja mzima ukamgeukia Ngasa. Mzee Ngasa alivua ile kofia ngumu, akafuta ndani yake kwa kiganja, akaivaa tena. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kidevuni.

"Ngasa," Mzee Maganga alisema, "mtoto amegeuza sawasawa?"

"Sawasawa."

"Hata hilo la josho?"

"Hata hilo. Wazungu wana majosho makubwa kuliko hili letu. Nimeyaona."

Uingereza hakuwahi kufika, na Geita alikuwa chini ya ardhi. Lakini nani angembishia? Wazee wakateta kidogo. Mzee Maganga akasema kitabu kimesema na baraza limesikia, na kuanzia Jumatatu watu wawili waende wilayani kuulizia dawa ya josho. Mzee Masanja akatembea mpaka kwenye gunia, akainama mbele ya Bibi Holo.

"Mwadila, mayu," alisema.

Ni salamu, na mayu ni mama. Bibi Holo akamwitikia. Mimi niliteleza ukutani nikakaa chini, nikalia mbele ya watu na utu uzima wangu.

Kesho yake nilimfuata Mzee Ngasa nyumbani. Nilitaka kumshukuru kwa siri, basi nikatumia Kiingereza, sentensi mojamoja, nikimwambia amefanya jambo kubwa, amemwokoa mtu. Alinitazama amekodoa macho. Akatazama kama mkewe yuko karibu.

"Mwalimu, nisitiri," alisema kwa Kiswahili. "Mimi kule shimoni nilijua simama, shusha, kimbia. Na hiyo salamu. Yule mtoto alikuwa anasoma kama maji ya mfereji, sikushika hata neno. Ningesema nini mbele ya watu wote wale? Nilikuwa naogopa wewe utanicheka."

"Na mimi nilikuwa naogopa wewe utasema," nikamjibu.

Hapo ndipo nilipojua kwamba pale uwanjani tulikuwa tunaogopana wote, na mmoja tu ndiye aliyeongea pamoja na hofu yake. Tangu siku ile, kila aliponipigia "Gudi moningi" ya magharibi, nilimwitikia kwa sauti kubwa ili majirani wasikie.

Ikabaki Jumatatu. Darasa zima lilikuwa linanisubiri tusome mwisho. Jumapili ile nilichukua wembe nikazikata kurasa za sura ya mwisho. Mimi, mwalimu wa Kiingereza, nikaharibu kitabu pekee cha shule. Nikampelekea Bibi Holo awashie moto. Akauliza ni karatasi za nini, nikamwambia zimechakaa.

Darasani nikasema mwisho umepotea, kila mmoja asimame atuambie wake kwa Kiingereza. Wanangu, sijapata kusikia watoto wakiongea vile. Walisukumana kupata nafasi. Maneno yote ya mwaka ule yaliitwa yakaja, hata yale tuliyoyaacha yapite. Kabula alikuwa wa mwisho kusimama. Alisema ule wake wa ghalani, sasa kwa Kiingereza, na aliusema bila kitabu. Kuanzia hapo mpaka nastaafu sikuwahi kumaliza riwaya na darasa kabla kila mtoto hajatoa mwisho wake. Wakaguzi walinisifia kwa ubunifu. Sikuwaambia ulitoka wapi. Na jambo jingine nililoongeza, kabla ya kuwatuma watoto kusimulia nyumbani niliwafundisha kwanza kuufungua mlango wa hadithi, kwa mwito wa kwao, na waitikiwe.

Basi mkiniuliza dawa ya woga, ndiyo hiyo niliyoiona, na si dawa. Kabula hakuacha kuogopa. Niliiona shingo yake ikidunda. Aliongea ikiwa inadunda.

Bibi Holo aliishi miaka mingi baada ya hapo, akafa kwa uzee, kitandani kwake, nyumba ileile ya mwisho. Alikuwa akija alasiri na michembe yake, anakaa, anatafuna, kisha anasema, "Nisimulie pale mwisho." Namsimulia kwa Kisukuma changu cha kuungaunga. Siku moja nilikuwa nimechoka na madaftari ya kusahihisha, nikafupisha, nikaruka nikafika kwenye kuvua kofia. Akanishika mkono.

"Mwalimu," alisema, "umewasahau kupe."

Nikarudi nyuma. Nikamnywesha askari majani ya kikohozi, nikawaweka kupe masikioni mwa ng'ombe, nikaikausha dawa ya josho, na nilipofika kwenye kofia nikaivua taratibu, kama Kabula alivyosoma.